Kosea kwa Sauti

Mwalimu wetu wa kwaya aliweza kusamehe karibu kila kitu, isipokuwa mdomo unaofunguka bila kutoa sauti. Ukichelewa mazoezi, alikukaribisha. Ukisahau maneno, alikukumbusha. Ukivaa joho kinyume, alikushika bega akakugeuza taratibu ukaende kulivua. Lakini ukisimama katikati ya waimbaji ukachezesha midomo ili wengine wakuimbie, alikutambua kabla ubeti haujaisha, na hapo hakuwa na huruma hata chembe.

Najua kwa sababu mimi nilikuwa mdomo wa namna hiyo. Niliingia kwaya ya kanisa letu hapa Kanyangi nikiwa nimemaliza shule juzi tu, nikapewa sauti ya pili, na kwa miezi miwili nikawa naigiza. Niliogopa kukosea. Kulikuwa na akina mama walioimba tangu kanisa likiwa la udongo, na mimi nani nije niwaharibie? Jumamosi moja mwalimu akanyamazisha kwaya yote kwa kidole, akaja akasimama mbele yangu, akanitazama mdomoni kama mng'oa meno.

"Wewe, mdomo yako inakuja kwaya," akasema, "na sauti unaachia nani nyumbani?"

Watu wakacheka. Alingoja wamalize, kisha akaniambia maneno ambayo kila aliyepita mikononi mwake anayajua: "Kosea kwa sauti nikusikie. Ukinificha kosa nitakutibu wapi?"

Nikaimba. Nikakosea vibaya sana, hata mbwa aliyekuwa amelala mlangoni akainuka akaenda zake. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa habari njema. Akaniimbia pale nilipopotea, nikarudia, nikapotea tena, akaniimbia tena. Mazoezi yalipokwisha nilijua nusu ya wimbo, lakini hiyo nusu niliijua kweli. Sijawahi kuaibishwa nikafurahi namna ile.

Siku hizi yuko Matiliku kwa binti yake, upande wa Makueni, maana magoti yake yamekataa vilima vyetu. Nasikia kwaya ya huko ilimpokea kama mzee wa kupumzika, na sasa imeanza kulalamika. Nikisikia malalamiko yao moyo wangu hutulia, najua mzee ni mzima.

Alikuwa mtu mfupi mwenye koti moja la kahawia. Mifuko yake ilijaa vumbi la chaki, kwa kuwa alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Alikuwa na baiskeli ambayo sikumwona akiipanda hata siku moja. Aliisukuma tu. Juu yake aliweka daftari za nyimbo, kilo mbili za ndengu, pengine kuku aliyefungwa miguu, naye akatembea kando yake kama anayesindikiza mgeni. Ukimwuliza kwa nini hapandi, alikwambia huwezi kusalimu watu vizuri ukiwa juu ya baiskeli. Na kweli alisalimu. Mwendo wa dakika kumi kutoka sokoni hadi kanisani ulimchukua saa nzima.

Na alipaka nywele rangi. Nalisema hili kwa mapenzi, lakini lazima lisemwe. Mtu aliyetwambia kila Jumamosi kwamba kilichofichwa hakitibiki alikuwa na kichwa cheusi ti kama cha kijana wa miaka ishirini, hali nyusi zake zilikuwa nyeupe kama unga. Sisi tulijua, naye alijua kwamba tunajua. Siku moja mvua ilitukuta kwenye mazishi ya mzee wa kanisa, tukiwa tumesimama kaburini tunaimba, na mstari mweusi ukaanza kushuka kwenye paji lake la uso, ukapita kando ya pua, ukafika kwenye kola nyeupe ya joho. Yeye alikuwa ametuelekea sisi, kwa hiyo sisi peke yetu ndio tuliouona. Hakuna mateso kama kuzuia kicheko kaburini. Akina baba wa sauti ya nne walikuwa wanatetemeka mabega. Akatoa leso, akajifuta, akaitazama leso, akasema kwa sauti ya chini bila kushusha mikono, "Endeleeni. Hata mimi natoka rangi."

Sauti ya kuanzia aliipata kwenye kengele. Kengele ya kanisa letu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, kinagongwa kwa nati kubwa, na mwalimu alishikilia kwamba reli ile ikigongwa upande wa chini inatoa noti moja safi isiyobadilika, jua liwake au mvua inyeshe. Kabla ya kila wimbo aligonga mara moja, akaganda na jicho moja limefumbwa, akahesabu hatua za sauti kwa vidole, kisha akatugawia: ninyi hapa, ninyi hapa.

Mwaka mmoja ile reli ikaibwa. Wanunuzi wa vyuma kuukuu walikuwa wamepita, na asubuhi moja tukakuta mnyororo mtupu. Mchungaji wa wakati ule alitaka kwenda kwa chifu. Mwalimu akamwomba majuma matatu. Jumamosi ya kwanza akatuambia kwamba bila reli hajui pa kuanzia, basi atakisia, na akaanzia juu kidogo. Jumamosi ya pili akaanzia juu zaidi. Ya tatu akaanzia juu kiasi kwamba wanaume wa sauti ya tatu, ambao hata siku za kawaida huimba wakiwa wamekunja shingo, walibaki wanatoa mikwaruzo tu. Muda wote huo alikuwa akiwatazama wao, kwa upole mwingi. Katikati ya ubeti wa pili kijana mmoja wa sauti ya tatu, utingo wa lori la mchanga, akavua kofia akasema ni yeye, alibeba reli akauza, na tafadhali mwalimu ashushe wimbo.

Mwalimu akamkumbatia pale pale. Siku ya pili yake wakaenda pamoja hadi kwenye yadi ya vyuma, na nasikia mzee aligonga kila kipande kilichokuwamo, jicho limefumbwa, mpaka akasema ni hiki.

Kuhusu dhambi hakuwa na maneno mengi. Alisema dhambi ni kama fuko shambani: humwoni, unaona mihogo inanyauka tu, nawe unalaumu jua. Tena alipenda kusema kwamba pale bustanini mwanzo, mtu wa kwanza alipojificha kwenye miti, Mungu hakuanza kwa kumwuliza amefanya nini. Alianza kwa kumwuliza yuko wapi. "Mungu ni kama mimi," alisema, nasi tukaguna kwa majivuno hayo, "anataka kwanza asikie sauti inatoka upande gani."

Lazima sasa nieleze habari ya benchi la nyuma, kwa maana bila hilo huwezi kumjua.

Katika kanisa letu, mtu akionekana ameanguka dhambini huwekwa nyuma. Kuna benchi moja refu ukutani, karibu na mlango, lisilo na mgongo. Ukiwekwa hapo huimbi kwaya, hushiriki Meza ya Bwana, huombi hadharani, mpaka umalizane na uliyemkosea. Ndipo unasimamishwa mbele, mchungaji anakushika mkono, na watu wote wanakuja mmoja mmoja kukushika mkono. Mkono huo ni mtamu, sitakudanganya. Lakini njia ya kuufikia hupita kwenye benchi, na benchi ni gumu.

Nilikalishwa hapo nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nina mimba ya miezi mitano, na baba wa mtoto amehamia mji mmoja wa barabara ya Mombasa bila kuacha hata salamu. Nilikuwa nimejifunga leso mbili na sweta katikati ya joto, nikidhani nimeficha. Akina mama wa kanisa wanajua kuhesabu. Jumapili ile ya kwanza nilikaa mwisho wa benchi nikitazama miguu yangu, na kwaya yangu ikiimba mbele bila mimi. Wimbo ulipokwisha nikahisi benchi linalalia upande mmoja. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameketi kando yangu na joho lake.

"Wakya," akanisalimu kwa Kikamba, vile mzee anavyomsalimu binti.

"Aa," nikaitikia, na machozi yakanitoka.

Wimbo wa kutoa sadaka ulipoanza, akaimba sauti ya nne polepole sana, akinisukuma kwa kiwiko mpaka nikamwekea sauti ya pili juu yake. Tukauimba hivyo sisi wawili, chini chini, nyuma ya kanisa. Jumapili iliyofuata akarudi, na iliyofuata. Nilipojifungua alikuja na kuku juu ya baiskeli, akasema mtoto aitwe Mwende, yaani apendwaye, watu wasije wakasahau. Na ndivyo anavyoitwa.

Baadaye niligundua kwamba sikuwa wa pekee. Alikaa hivyo na yule kijana wa reli. Alikaa na mzee aliyempiga mkewe, ingawa siku hiyo alikaa mbali kidogo na uso umemkunjamana. Hata benchi likiwa tupu, kwaya ikimaliza kuimba alikwenda akakaa huko peke yake. Mkewe, mwanamke mcheshi aliyejua kusuka vikapu vya kiondo na kusema ukweli, alitwambia mumewe anapenda upepo wa mlangoni. Sisi tukasema ni unyenyekevu. Tulikuwa tunamsifu kwa hilo, na tukimsifu aliondoka.

Kulikuwa na jambo jingine lililomwondoa, nalo ni wimbo wake.

Kila mtu huku anaujua. Kabla mimi sijaingia, kwaya ilikuwa imeupeleka kwenye mashindano makubwa ikashinda, ikarekodi kanda, na redio ikaupiga Jumapili asubuhi miaka na miaka. Unasema hivi:

*Mto umekauka, maji hayajafa,*
*yako chini ya mchanga, yanangoja.*
*Bwana, usinifunike, nifukue,*
*chimba, Bwana, chimba ufike.*

Hapo penye "chimba" ya pili, sauti ya kwanza inapanda. Inapanda kama mbuzi anayefuata majani mwambani, mpaka unahofia, na huko juu inakaa. Majaji walipiga makofi kabla wimbo haujaisha. Binti yangu Mwende alipokua akapewa noti hiyo ya juu, na mimi mamake nilivimba kichwa kuliko yeye.

Ajabu ni kwamba mwenye wimbo hakuupenda. Wageni wakiuomba, alisema kwaya imechoka. Wakisisitiza, alituongoza akitazama dirishani. Saa ya ukutani aliyopewa kama zawadi ya mtunzi ilikuwa sebuleni kwake, nzuri, na fremu ya dhahabu, na haikuwahi kutiwa betri. Alisema mlio wake ungemnyima usingizi. Na hakutunga wimbo mwingine wowote. Tulisema Bwana alimpa mmoja mkubwa ukamtosha.

Kisha mchungaji wetu wa sasa, kijana mwenye mipango, akaamua kwamba mzee asihamie Matiliku bila kutuzwa. Ikawekwa Jumapili. Mbuzi wakachinjwa, akina mama wakapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, sufuria tatu, kikachongwa kibao cha mbao chenye jina lake na jina la wimbo, kipigiliwe ukutani. Watu walijaa mpaka nje. Mchungaji akaomba mtunzi mwenyewe aje auongoze wimbo wake kwa mara ya mwisho.

Akaja mbele. Akagonga reli, akafumba jicho, akatugawia sauti. Akainua mikono. Tukavuta pumzi, na Mwende kando yangu amejaza kifua tayari kwa noti yake. Mikono ikakaa juu. Ikakaa. Kisha ikashuka, akageuka akawatazama watu.

"Watu wa Mungu, hii wimbo si yangu," akasema. "Nilikuwa mwalimu kijana huko Tseikuru, mwaka moja. Kulikuwa na msichana alikuwa anaimba akichota maji kwa mchanga. Hii ni yake. Niliisikia, nikaiandika, nikaja nayo. Siku ya mashindano waliuliza mtunzi ni nani, nikasema ni mimi. Na nimesema ni mimi mpaka leo."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alishuka akapita katikati ya watu wote, akaenda akaketi benchi la nyuma. Nilimtazama akiketi, na miaka yote ikanigeukia kichwani. Sisi tulidhani alikuwa akitusindikiza. Kumbe yeye pia alikuwa ameketi mahali pake, ila hakuwepo wa kumweka.

Basi wazee wa kanisa wakahangaika. Hawakutaka kumweka nyuma mtu waliyemchinjia mbuzi. Mmoja akasema katika mambo yote ya nidhamu hakuna sheria ya nyimbo. Mwingine akasema nyimbo zote ni za Mungu. Mwalimu akajibu kutoka benchini, "Basi mbona saa iko kwangu?" Akasema anajua utaratibu kuliko wote, ameukalia muda mrefu: atakaa hapo mpaka amalizane na aliyemkosea. Safari ya Matiliku ikasimama. Muthokoi ukaliwa, maana chakula hakina kosa, lakini kile kibao kikarudishwa stoo.

Nikaachiwa kwaya mimi. Majuma kumi na moja niliongoza huku yeye yuko nyuma haruhusiwi kuimba, na kila nilipokosea nilisikia kikohozi. Aliacha pia kupaka rangi. Kufikia juma la sita kichwa chake kilikuwa cheusi nusu na cheupe nusu kama beberu, na watoto wakawa wanageuka wakati wa maombi kumtazama.

Kumtafuta mwenye wimbo ilikuwa kazi yangu, kwa sababu nauza dawa za mifugo hapa sokoni, na dawa za mifugo hufika kila mahali palipo na mbuzi. Nilimwomba anayetuletea mizigo, akiwa Tseikuru, aulizie mama wa umri fulani aliyekuwa akiimba mtoni zamani. Jibu likaja: yupo, anafuga mbuzi, bado anaimba, na hapendi kusumbuliwa.

Nilipompelekea mwalimu habari hizo nilidhani atafurahi. Yeye akaniambia kwamba haogopi kukataliwa msamaha, hilo ni haki ya mama yule. Anachoogopa ni kumkuta amesahau. Akisahau, ule wimbo hauna mwenyewe tena, na yeye atakufa nao mikononi.

Tukaenda kwaya nzima. Yule kijana wa reli siku hizi ni mtu mzima, ana lori lake mwenyewe, na alikataa kabisa mtu mwingine atupeleke. Tukapakia mabenchi ya kanisa tukaketi, na la mwisho kupakiwa lilikuwa lile lisilo na mgongo. Mwalimu akaketi juu yake peke yake, nyuma kabisa, na ile saa imefungwa kwenye shuka mapajani. Tulitoka alfajiri, tukapita Kitui, tukapita Mwingi, na kadiri tulivyokwenda miti ilikuwa mifupi na vumbi jekundu, na sisi tukawa tunaimba kila wimbo tunaoujua isipokuwa mmoja.

Tulimkuta chini ya kibanda cha mabati karibu na zizi, anasokota kamba ya kiondo pajani. Mama mwembamba, mweusi, mwenye macho ya kuchekesha. Aliona watu arobaini wanashuka kwenye lori na hakuacha kusokota.

Mwalimu akasimama mbele yake, kofia mkononi, nywele zake nyeupe zote sasa.

"Mwaitu," akasema, na hilo ni neno la kumwita mama, ingawa walikuwa rika moja, "mimi ndiye yule mwalimu. Niliiba wimbo yako."

"Najua," mama akasema. "Niliisikia kwa redio."

Mwalimu akashika nguzo ya kibanda. Mama akaendelea kwa utulivu kwamba aliusikia akiwa na mtoto wa tatu mgongoni, akajua ni yule kijana wa chaki, kwa sababu nani mwingine alikuwa anakaa mtoni akiandika watu? Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa mtu. Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyeelewa mambo.

"Ningeambia nani? Redio inaongea, haisikii," akasema. "Nikasema atakuja. Amechelewa tu."

Mwalimu akamwomba msamaha, kwa maneno machache, akitaja kosa kwa jina lake na bila kutaja ujana wala shetani. Mama akaacha kusokota. Akampa mkono. Yule mzee aliyekuwa ametupeleka sisi sote kwenye mkono ule akaupokea wake kwa mikono miwili, na sisi kwaya tukapanga mstari, kama kule nyumbani, tukamshika mkono mmoja mmoja. Nilimwambia "Wakya", utani tu, kwa kuwa mtoto hamsalimu mzee hivyo. Akaitikia "Aa" akicheka na machozi yakimtiririka. Ile saa mama aliipokea, akaigeuza, akauliza mbona haitembei. Akatumwa mtu dukani kutafuta betri.

Kisha mama akasema, "Sasa imbeni nisikie vile mmeilea."

Hakukuwa na reli. Mwalimu akatoa sauti kichwani tu, akatugawia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona akiuongoza wimbo ule bila kutazama dirishani. Tukauimba kwa nguvu zetu zote. Mbuzi wakanyamaza. Tukafika penye "chimba" ya pili, na Mwende akapanda, akapanda, akakaa kule juu, msafi kabisa, na mimi nikaona mama anafumba macho, nikadhani ni furaha.

"Ngojeni," akasema. "Hapo mnaharibu."

Tukanyamaza. Mwalimu akabaki na mikono hewani.

"Hapo kwa chimba. Mbona mnapanda? Maji iko juu?" Akaokota kata iliyokuwa kando ya mtungi akainama, akaonyesha, mkono unaingia chini, chini zaidi, bega linafuata. "Mtu anachimba akishuka. Hapo wimbo inashuka mpaka chini, mpaka unasikia baridi ya maji. Kila Jumapili redio ikifika hapo nilikuwa naiambia, shuka. Haikushuka."

Nilimtazama mwalimu. Miaka zaidi ya thelathini. Kwaya moja, vizazi viwili, mashindano, kanda, redio, na noti moja mbovu katikati ya yote, na mtu pekee aliyejua dawa yake ameketi huku anasokota kamba. Nilihofia itamwangusha. Badala yake kicheko kikaanza tumboni mwake, kikapanda, kikamtoka chote, akacheka mpaka akaketi kwenye benchi lake lililokuwa limeshushwa, akacheka mpaka mama naye akaanza, na yule mwenye lori akaketi chini kabisa mavumbini.

"Mami, na noti yangu je?" Mwende akaninong'oneza. Nikamwambia anyamaze asikilize.

Mwalimu akajipangusa uso. Akainuka, akavua koti, akasimama mbele ya mama yule mikono imeshuka kando, kama mtoto wa kwaya siku ya kwanza, akamwomba amfundishe. Mama akaimba mstari. Mzee akaurudia, na pale penye "chimba", kwa mazoea ya maisha yake yote, akapanda.

"Umekosea," mama akasema.

"Nimekosea," mwalimu akasema kwa sauti, tukasikia wote, na sijawahi kusikia neno hilo likisemwa kwa furaha kiasi kile. Akakosea tena. Na mara ya tatu akashuka.